KUTUMIA TENA TAKA ZA BIASHARA: MAELEZO KWA WAFANYABIASHARA WA SUMBAWANGA NA UWANDA WA UFIPA

Wafanyabiashara wa mji wa Sumbawanga, wakiwemo wenye mashine za kusaga nafaka, maduka, gereji, karakana za mbao, hoteli, baa na meza za sokoni, wanafahamishwa kwamba sehemu kubwa ya vitu vinavyotolewa kila siku kwa jina la taka ni mali ambayo kazi yake haijakwisha. Maelezo haya yanakusudia kubainisha taka zipi zinafaa kutumika tena hapo hapo uwandani, zipi zinafaa kusafirishwa, na zipi ni za hatari. Aidha, yanaeleza jambo moja ambalo likikosekana, juhudi nyingine zote huharibika. Jambo hilo ni kutenganisha taka mlangoni pa biashara, kabla hazijachanganyika.

1. HALI YA MJI NA MAZINGIRA YAKE

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na Sumbawanga ndiyo makao yake makuu. Mji upo juu ya uwanda wa Ufipa, chini ya milima ya Mbizi, kati ya Ziwa Rukwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Kwa muda mrefu mkoa huu umehesabiwa miongoni mwa mikoa inayolisha Taifa kwa mahindi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,004,539 katika mkoa mzima, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,540,519. Barabara ya lami kutoka Tunduma nayo imerahisisha sana uingiaji wa bidhaa za viwandani. Watu wakiongezeka na bidhaa zikiongezeka, taka haziwezi kubaki pale pale.

Inafaa ifahamike kwamba maji ya uwanda huu huteremka pande mbili. Vijito vya mashariki hushuka bondeni hadi Ziwa Rukwa, ziwa ambalo halina mto unaotoka. Maji yake hupungua kwa jua tu, na kila kitu kinachofika humo, kiwe udongo, oli ya gari au sumu ya wadudu, hakina njia ya kutoka. Bonde hilo ndilo lenye mashamba ya mpunga na wavuvi wanaouleta mchele na samaki katika soko la Sumbawanga. Kwa hiyo taka inayosukumwa mferejini wakati wa mvua haijaondoka. Imepelekwa tu kwenye chakula kitakachorudi mjini.

Wasomaji wa visiwani hawatapata taabu kuielewa hali hii. Mkaazi wa kisiwa anajua kwamba kinachotupwa pwani hurudishwa na bamvua. Mkaazi wa Ufipa yumo katika hali hiyo hiyo, ijapokuwa bahari iko mbali naye.

2. UMBALI NDIO UNAOAMUA

Katika miji iliyo karibu na viwanda, mfanyabiashara huweza kuuza karibu kila aina ya taka. Sumbawanga ni tofauti. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara ya Mbeya. Kitu chenye bei ndogo na ujazo mkubwa, mfano wa chupa tupu za maji zilizojaa hewa, hakiwezi kulipa nauli ya lori. Ndiyo maana mpango ulionakiliwa kutoka mji wa pwani bila ya kupimwa unaweza kuanza kwa shangwe na kufa baada ya miezi michache.

Kutokana na ukweli huo, taka za biashara za Sumbawanga zigawanywe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni taka zinazooza, nazo zibaki uwandani na zirudi shambani. Fungu la pili ni taka zenye thamani inayostahimili safari, yaani vyuma, shaba, aluminiamu na plastiki ngumu iliyoshindiliwa. Fungu la tatu ni taka za hatari, ambazo hazifai kuchanganywa na mafungu hayo mawili kwa hali yoyote.

Mchanganyiko ndio unaoharibu mali. Gunia la pumba ni chakula cha mifugo, lakini likishaingia vipande vya chupa haliwezi kuwa chakula wala mbolea. Boksi kavu lina mnunuzi, na likilowa mafuta halina. Gharama ya kutenganisha mlangoni ni chombo cha pili na cha tatu tu. Gharama ya kuzitenganisha taka hizo hizo baada ya kufika jaani ni kubwa kuliko thamani yake, na aghalabu hulipwa kwa mikono na mapafu ya watu wanaookota humo.

3. UTAALAMU WA WENYEJI

Hakuna sababu ya kuwafundisha Wafipa kwamba kilichooza ni rutuba. Uwanda wa Ufipa una nyasi nyingi na miti michache, na kwa ajili hiyo wakulima wake walibuni kilimo cha vichuguu vya duara vinavyoitwa intumba. Mvua zinapokaribia mwisho, na ardhi ingali laini, mkulima hukata nyasi na tabaka la juu la udongo, huzikusanya nyasi pamoja, kisha huzifunika kwa udongo uliopinduliwa. Nyasi huoza ndani ya kichuguu, na mara nyingine maharage hupandwa juu yake. Mvua za msimu unaofuata zinapoanza, vichuguu hubomolewa, udongo uliorutubika hutandazwa, na ulezi hupandwa.

Kwa upande wa vyuma, Ufipa ulisifika kwa matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyotumika kuyeyushia mawe ya chuma na kupata majembe. Vyuma vya kigeni vilipoingia kwa wingi, kazi ya kuyeyusha mawe ilikufa. Ufundi wa kufua, hata hivyo, haukuhitaji mawe, kwani springi kuukuu ya gari ni malighafi nzuri ya panga, shoka na jembe. Hivyo kutumia tena kilichokwisha kutumika si jambo geni katika nchi hiyo. Kilicho kigeni ni wingi wa taka na namna zinavyochanganywa.

4. MAELEZO KWA KILA AINA YA BIASHARA

(a) Mashine za kusaga na kukoboa. Pumba za mahindi zilizo kavu na safi ni chakula cha nguruwe, ng'ombe na kuku, na zihifadhiwe juu ya vichanja, mbali na sakafu yenye unyevu. Pumba au mahindi yaliyoota ukungu yasilishwe mnyama yeyote, kwani huenda yana sumukuvu, sumu ambayo haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupikwa, na huweza kupita katika maziwa ya ng'ombe. Maganda ya mpunga hufaa kuchomea matofali au kutandikwa katika mabanda ya kuku.

(b) Soko, magenge na hoteli. Majani ya mboga, maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni ndiyo msingi wa mboji. Fundi yapangwe kwa tabaka: taka mbichi, kisha nyasi kavu au mabua, kisha udongo kidogo au samadi. Rundo liwe na unyevu wa kiasi cha kitambaa kilichokamuliwa, na lipinduliwe kila baada ya wiki mbili au tatu ili hewa ipite. Rundo linalonuka vibaya limezidiwa maji au limekosa hewa, na lisilopata joto limekosa taka mbichi au limekauka. Kwa kuwa usiku wa Ufipa ni wa baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai, uozaji huchukua muda mrefu kuliko pwani. Rundo linaloanzishwa wakati mvua zinakwisha, kama ilivyo ada ya intumba, litakuwa tayari kabla ya mvua za Novemba.

(c) Karakana za mbao. Unga wa mbao na maranda ni nishati katika nchi yenye kuni chache, na hutumika katika majiko yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Katika mboji utiwe kwa kiasi kidogo. Ukizidi, wadudu waozeshao huchukua rutuba ya udongo ili kuumeng'enya, na mazao ya msimu huo hugeuka manjano. Unga wa mbao zilizopakwa dawa au oli usitiwe kabisa.

(d) Maduka ya jumla na ya rejareja. Maboksi yakunjwe na yawekwe pakavu. Viroba na magunia yaliyo mazima yauzwe tena kwa wanunuzi wa nafaka, isipokuwa yaliyobeba mbolea au dawa, ambayo hayafai kutiwa chakula.

(e) Baa na maduka ya vinywaji. Utaratibu wa kreti na amana ya chupa ni mfano bora wa mpango unaodumu, kwa sababu anayerudisha chupa hupata fedha yake, na lori lililoleta chupa zilizojaa hurudi na chupa tupu. Chupa za plastiki za maji zibanwe, vizibo vitengwe, na zikusanywe hadi zifike mzigo.

(f) Gereji na mafundi wa bati. Vyuma vitengwe kwa aina, kwani shaba na aluminiamu zikichanganywa na chuma mnunuzi hulipa bei ya chuma kwa vyote. Wahunzi wa karibu wapewe nafasi ya kwanza ya kununua springi na vipande vinavyofaa kufuliwa.

Kuhusu usafiri, mfanyabiashara mmoja peke yake hawezi kujaza lori. Kumi wakiwa na ghala moja wanaweza, na wanaweza kukubaliana bei na lori lililopandisha bidhaa na ambalo lingerudi tupu. Miezi ya mavuno, ambapo magari hushindaniwa na wenye mahindi, si wakati wa kutafuta nauli nafuu. Mzigo wa chuma hauozi, na unaweza kungoja.

5. TAKA ZA HATARI

Betri za magari zina tindikali na risasi. Zisivunjwe na mafundi wala watoto, bali zihifadhiwe zikiwa zimesimama hadi zichukuliwe na mwenye kibali. Oli chafu isimwagwe mferejini wala ardhini. Ikusanywe katika pipa lenye mfuniko. Vyombo vya dawa za mimea na mifugo visuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yatiwe katika bomba la kupulizia na kunyunyizwa shambani, kisha vyombo vitobolewe ili visije vikatumika kuchotea maji au kuwekea pombe. Vyombo hivyo, pamoja na plastiki na matairi, visichomwe uani. Moshi wake ni sumu kwa mwenye kuuchoma na kwa jirani yake.

6. SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo ni Sheria Namba 20 ya mwaka huo, inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, ikiwa ni pamoja na taka za masoko na maeneo ya biashara, na kuhimiza zipunguzwe na zitenganishwe zinakozalishwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilikwishatangulia kuizuia mifuko hiyo mwaka 2006. Vyuma chakavu na betri kuukuu huhesabiwa katika kanuni za taka hatarishi, na anayevikusanya au kuvisafirisha anatakiwa awe na kibali. Kwa hiyo muuzaji amtake mnunuzi aoneshe kibali chake, na aweke kumbukumbu ya mauzo, ili asije akaingizwa katika shauri la mali ya umma iliyoibwa.

7. MAMBO YA KUZINGATIA

Mfanyabiashara anayetaka kuanza hahitaji mtaji mkubwa. Anatakiwa: kwanza, kuweka vyombo vitatu vyenye alama, kwa taka zinazooza, taka kavu na taka za hatari, pili, kumfundisha kila mtumishi, kwani mtumishi mmoja asiyejua huharibu kazi ya wote, tatu, kupima au kuhesabu taka zake kwa mwezi mmoja ili ajue anatupa nini, nne, kupatana na mkulima, mfugaji, mhunzi au mkusanyaji kuhusu siku ya kuchukua, kwa sababu taka iliyotenganishwa na isiyochukuliwa hurudi kuwa uchafu, na tano, kushirikiana na majirani zake katika ghala na usafiri.

Wenyeji huelezea jina la Sumbawanga kuwa lina maana ya kutupa uchawi, na kwamba mgeni anayeingia anatakiwa auache nje ya mji. Uchawi ni haki yake kutupwa. Pumba, maganda, springi na maboksi si katika jumla hiyo, na kuvitupa ni israfu. Mkulima wa kijiji cha jirani ananunua mbolea kwa bei kubwa, ilhali rutuba iliyotoka shambani kwake kwa magunia ya mahindi na maharage inaozea jaani mjini. Mfanyabiashara aliyesimama kati yao ndiye mwenye uwezo wa kuirudisha, akianza kwa chombo cha pili mlangoni pake.