Mwiba wa Taa: Maji ya Moto Kabla ya Safari

Anayepanda boti Nyamisati, wilayani Kibiti, akaenda Mafia kuzamia kwa mtungi wa hewa, mara nyingi hofu yake ni papa. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Papa wanaowavuta wageni Kilindoni kati ya Oktoba na Machi ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hula viumbe vidogo mno anavyovichuja majini. Wa kuangaliwa zaidi amelala chini, bapa na kimya, na kila jiko la pwani linamjua: ni taa.

Taa hamfuati mtu. Hujifukia mchangani, macho yakibaki nje, na hupiga mkia anapokanyagwa au kubanwa. Mzamiaji katika maji maangavu humwona, na akijizuia kugusa chini hapatwi na lolote. Delta ya Rufiji ni habari nyingine. Huko mto humwaga tope katikati ya mikoko, na mvuvi hushuka peku katika maji asiyoweza kuona ndani yake. Heri aburure miguu badala ya kuinua hatua, maana taa akiguswa ubavuni huondoka zake.

Mwiba wake una meno kama ya msumeno yaliyoelekea nyuma, nao umevikwa ngozi nyembamba yenye sumu. Kwa hiyo majeruhi huwa na mkato uliochanika pamoja na sumu iliyoingia ndani yake. Maumivu hupanda kwa saa moja hivi, na watu wazima hulia. Lakini sumu hiyo ni protini, na joto huidhoofisha.

Hapo ndipo penye faida kwa kijiji ambacho njia yake ya kwenda zahanati ni mtumbwi unaosubiri maji kujaa. Jeraha lioshwe, kisha mguu utumbukizwe katika maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia, yaani nyuzi joto 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90, yakiongezwa yanapopoa. Asiye na kipimajoto apime kwa mguu mzima wa majeruhi, kwa kuwa mguu wenye maumivu makali hauhisi vema na huweza kuungua. Sufuria ya wavuvi chomboni yatosha. Kufunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha huongeza madhara, na mafuta ya taa, licha ya jina, hayasaidii kitu.

Mwiba uliochoma kifua, tumbo au shingo usichomolewe. Uzuiwe usitikisike, na safari ianze mara moja. Maji ya moto si ya jeraha hilo. Mwaka 2006 Steve Irwin, mtangazaji mashuhuri wa Australia, alifariki baada ya kuchomwa kifuani na taa.

Kwa mhudumu wa afya, kutulia kwa maumivu si mwisho wa kazi. Vipande vya mwiba hubaki ndani, hivyo jeraha lichunguzwe na, inapowezekana, lipigwe eksirei. Chanjo ya pepopunda ihakikiwe. Jeraha lenye kina lisiharakishwe kushonwa, na antibiotiki itakayochaguliwa iwe na nguvu dhidi ya bakteria wa maji ya chumvi, hasa jamii ya vibrio. Mgonjwa wa ini au kisukari arejeshwe kuangaliwa kesho yake. Akionekana na homa, malengelenge au wekundu unaosambaa haraka, apewe rufaa siku hiyo hiyo.