Kilio cha Perere na Hofu ya Kanda Iliyookotwa

Katika msitu wa Amani, wilayani Muheza, usiku hauna kimya. Mgeni aliyelala karibu na bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 aweza kuamshwa usiku wa manane na mlio unaoanza kama mbao zinazokwaruzana, ukapanda hatua kwa hatua, na kuishia katika ukelele wa mtu anayenyongwa. Wenyeji hawashtuki. Wanajua kuwa ni perere, mnyama mla majani mwenye uzito wa kilo mbili au tatu, aishiye mitini, ambaye kwa nasaba ni jamaa wa tembo. Katika Milima ya Taita, nchini Kenya, watafiti wamepima vilio vya perere wa huko na kukuta vinapita desibeli 100.

Perere huyu atatusaidia kujibu swali ambalo wanafunzi wapendao senema huuliza mara kwa mara. Kwa nini zile filamu zinazojifanya kuwa kanda iliyookotwa, zenye picha za giza zinazotikisika, hutia hofu kuliko zile zilizogharimu mamilioni na kujaa mazimwi na damu?

Mfano ujulikanao sana ni The Blair Witch Project, iliyotoka Marekani mwaka 1999. Vijana watatu wanaingia msituni na kamera kutafuta habari za mchawi. Hawarudi, kinachopatikana ni kanda zao tu. Waigizaji wenyewe ndio waliobeba kamera, na usiku watengenezaji wa filamu, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliwasumbua kwa sauti nje ya hema. Matangazo yalieleza kwamba vijana hao wamepotea kweli, na watazamaji wengi walisadiki. Mchawi haonekani hata mara moja. Kazi hiyo, iliyopigwa kwa muda wa siku nane hivi, iliingiza karibu dola milioni 250.

Tuanze na jicho. Nyuma ya jicho kuna utando wenye seli za aina mbili zipokeazo mwanga. Zile zenye umbo la pia huona rangi, nazo huhitaji mwanga wa kutosha. Zile zenye umbo la fimbo hufanya kazi gizani. Katikati kabisa ya utando huo, mahali tunapotumia kutazama kitu sawasawa, seli za fimbo hazipo. Kwa hiyo usiku kitu hafifu huonekana pembeni, na ukigeuka kukikazia macho hutoweka. Mwanga wa kurunzi hausaidii sana, kwani hulizoesha jicho duara dogo na kuliacha kipofu kwa yaliyo nje ya duara hilo, na huchukua takriban nusu saa jicho kulizoea giza tena. Kamera ya vijana wale yafanana sana na jicho hilo la usiku.

Sikio nalo lina udhaifu wake. Tunajua sauti inatoka kulia au kushoto kwa sababu huwahi kufika sikio moja kabla ya jingine, tofauti ikiwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini sauti itokayo juu kabisa, au mbele yetu, au nyuma, hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja. Perere aliapo kileleni mwa mti, na mwangwi ukarudi kutoka kwenye mashina mia, msikilizaji hana njia rahisi ya kujua aliko.

Tena mlio wenyewe una ukwaruzo. Mwaka 2015 Luc Arnal na wenzake walionyesha kwamba ukelele wa binadamu hutofautiana na usemi wa kawaida kwa jambo moja mahsusi: nguvu ya sauti yake hupanda na kushuka upesi mno, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Ukwaruzo huo huiamsha amigdala, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi ishughulikayo na hatari. Watengenezaji wa ving'ora hutumia ukwaruzo uo huo, wajue wasijue.

Hata hivyo jicho na sikio havitoshi kueleza kila kitu. Filamu ya kanda iliyookotwa huazima sura ya ushahidi. Mtazamaji haoni kitu chochote cha kutisha. Anamwona mtu aliyetishika, naye huhesabu kwamba hofu kubwa namna ile lazima imetokana na jambo kubwa. Hesabu hiyo ni mbovu. Sauti inayotetemeka hupima hofu ya msemaji, wala haipimi kilicho nje ya hema. Lakini ni hesabu tunayoifanya sote kwa wepesi. Cannibal Holocaust ilipoonyeshwa Italia mwaka 1980, mwongozaji wake, Ruggero Deodato, alishukiwa kuua waigizaji wake, ikambidi athibitishe kuwa wako hai.

Kwetu hesabu hiyo imekwisha kuleta msiba, bila kamera yoyote. Mwaka 1995 habari za Popobawa zilienea Pemba, kisha Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakiota moto, na kila aliyesimulia kwa kutetemeka alikuwa shahidi kwa mwenzake. Katika siku hizo, Unguja, mtu mmoja mgonjwa wa akili alidhaniwa ndiye Popobawa, akauawa na umati.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili darasani kwa simu na rekodi ya kilio cha perere, au cha komba, ambaye aghalabu hufananishwa na mtoto mchanga anayelia. Agawe wanafunzi makundi mawili katika vyumba tofauti. Kundi la kwanza liambiwe ni mnyama gani. La pili lisiambiwe lolote. Kila mmoja aandike alichosikia, na umbali anaodhani. Waandike kabla ya kuzungumza, maana mmoja akisema "mtoto", darasa zima litasikia mtoto.