Kutoka Uwakili hadi Ujaji: Mfano wa David Maraga wa Kenya

Ibara ya 166 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka jaji wa Mahakama Kuu awe na shahada ya sheria na tajiriba ya miaka isiyopungua 10, iwe ya uwakili, uhakimu au ualimu wa sheria chuoni. Maraga alipitia uwakili, akaufanya kwa takriban miaka 25 kabla ya kuteuliwa jaji mwaka 2003. Uteuzi huo haukutanguliwa na usaili wa hadharani. Ule wa kuwa Jaji Mkuu mwaka 2016 ulitanguliwa na usaili wa Tume ya Huduma za Mahakama, nao umma uliufuatilia.

Tofauti hiyo si ndogo. Wakili humtetea anayemlipa, ilhali jaji hulazimika kuamua hata dhidi ya aliyemteua. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya Maraga ilibatilisha ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta, yuleyule aliyemteua mwaka mmoja kabla. Hata hivyo, usaili haujamaliza mvutano: kati ya majaji 41 waliopendekezwa na Tume mwaka 2019, Rais aliteua 34 tu, tena mwaka 2021.