Kiu Ni Ujumbe: Jinsi Mwili Unavyolinda Maji Yake

Bila shaka umewahi kukaa kwenye foleni ya bomba juani tangu asubuhi. Mdomo unakauka, kiu inakushika, na ukienda haja ndogo mkojo ni kidogo na wa manjano iliyokolea. Hujaugua. Viungo vya mwili wako vinapeana habari. Ni vizuri kuzijua habari hizo, kwa sababu mtoto anayeharisha anaweza kufariki kwa muda mfupi tukizipuuza.

Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na kwa mtoto mchanga ni karibu robo tatu. Maji hayo yana chumvi, na kipimo chake hakitakiwi kubadilika sana. Katika ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo ni kama mlinzi wa tangi. Damu ikizidi ukali wa chumvi hata kwa asilimia 1 au 2, inakuletea kiu. Papo hapo inatoa homoni, yaani kemikali inayosafiri ndani ya damu mpaka kwenye figo, kuziambia zirudishe maji. Figo za mtu mzima huchuja lita zipatazo 180 kwa siku, lakini mkojo unaotoka kwa kawaida ni lita 1 au 2 tu. Ukishakunywa vya kutosha homoni inapungua, na mkojo unakuwa mweupe tena.

Ujumbe wa haraka zaidi hupita kwenye mishipa ya fahamu. Maji yakipungua sana, moyo unaamriwa kwenda mbio, na mishipa ya damu ya mikono na miguu inajibana ili damu iliyobaki ifike kwenye ubongo na moyo. Ndiyo maana mgonjwa wa kipindupindu ana mikono ya baridi hata wakati wa joto. Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Hapo figo hazina tena cha kurudisha.

Siku moja nilimkuta mama amemnyima mtoto maji. Aliniambia, "Mwanangu, nikimpa maji anaharisha zaidi." Sikumlaumu, wengi wetu tulilelewa hivyo. Lakini kuhara kunatoka kwenye ugonjwa, na maji yanayotoka lazima yarudishwe. Tena maji matupu hayatoshi, kwa kuwa chumvi nayo imetoka. Maji matupu yanaweza kutuliza kiu kabla mwili haujapata unachohitaji.

Hapa ndipo ORS inaposaidia. Ukuta wa utumbo una milango inayopitisha chumvi na sukari kwa pamoja, na maji yanazifuata. Milango hiyo inaendelea kufanya kazi hata wakati wa kuhara. Jambo hili lilionekana wazi kambini, kwa wakimbizi kama sisi. Mwaka 1971, huko Bangaon nchini India, wakimbizi waliotoka nchi ambayo sasa ni Bangladesh walipatwa na kipindupindu na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe mchanganyiko huo, na ndugu zao ndio waliowanywesha. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Soma kwenye pakiti ni maji kiasi gani, na tumia maji safi. Usikisie, chumvi ikizidi inadhuru. Kama pakiti hakuna, weka vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita 1. Mtoto chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuhara, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Ziwa la mama lisisimamishwe, na vidonge vya zinki avimalize hata kama kuhara kumekoma.

Mtoto mdogo hawezi kukuambia ana kiu, na wazee wetu mara nyingi hawaisikii vizuri. Kwa hiyo angalia mwenyewe: macho yameingia ndani, utosi umebonyea, hakojoi, au ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Akilegea, akishindwa kunywa, au kukiwa na damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya hata kama ni usiku. Njiani, kama anaweza kumeza, endelea kumpa kijiko kimoja kimoja.