Kuliandaa Gari la Nyikani kwa Safari za Karamoja

Kila mwaka mvua zinapokoma, kuanzia mwezi Novemba hadi Machi, magari ya watembezi huongezeka katika barabara zetu. Wapo wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, ile yenye kilomita za mraba 1,442 kule kwenye kona ya Uganda, karibu na Kenya na Sudan Kusini. Wapo wanaopiga hema chini ya Mlima Moroto, na wapo wanaovuka mpaka kwenda kuitazama nchi ya Waturkana. Zamani wengi wao walikuwa wageni kutoka ng'ambo. Siku hizi tunawaona pia wafanyabiashara wa miji yetu, walimu wakiwa likizoni, na vijana waliochangishana fedha wakakodi gari la wikiendi.

Safari hizi zinaleta riziki, nasi tunazipenda. Lakini gari linapokwama katika mto wa mchanga jua likizama, wanaoitwa kulitoa si waliolikodisha. Huitwa ninyi mnaokaa jirani, kisha tunaitwa sisi. Kwa hiyo makala hii tunamwandikia mwenye gari, dereva anayeajiriwa kwa safari, na hata kijana ambaye hajawahi kushika usukani lakini ndiye atakayeombwa kuja kusukuma.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni la kuanzia mwisho. Mtu hununua gari kuukuu lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, akalifunga taa sita za mbele, hema la juu ya paa na mashine ya kujivuta kwa waya, ilhali matairi yana umri wa miaka tisa. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwake. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2318 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2018. Mpira huzeeka hata ukikaa kivulini, na mashimo ya kukanyagia yanaweza kuwa bado marefu huku ubavu umeanza kupasuka nyufa ndogo kama za udongo mkavu. Tairi la namna hiyo hupasuka likiwa limebeba mzigo, katika joto na mwendo wa kasi. Kwa miiba ya migunga ya huku kwetu, tunashauri vipuri viwili vya tairi, vifaa vya kuziba tundu, pampu ya upepo inayotumia betri ya gari, na kipimo cha upepo kinachoaminika.

Kipimo hicho ndicho chombo cha bei ndogo kinachookoa magari mengi kuliko chochote kingine. Kwenye mchanga, kama ule wa kitanda cha Mto Kidepo ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji juu yake, tairi lililojaa upepo hujichimbia. Ukilipunguza kutoka pauni 36 hadi 18 hivi, hutanuka na kurefuka pale linapogusa ardhi, na uzito wa gari husambaa. Tumeona gari lililoshindwa kusukumwa na watu kumi likitoka lenyewe baada ya dakika tano za kutoa upepo. Sharti ni mawili: uende polepole na bila kukata kona kali, na urudishe upepo kabla ya kushika tena barabara ngumu. Udongo mweusi wa mfinyanzi ni habari nyingine. Ukiloa, hushikamana na tairi hadi tairi lote huwa kama mpira wa tope, na hapo hakuna ufundi; dawa yake ni kungoja nusu siku ya jua.

Tuje kwenye uzito. Dumu la lita 20 la maji lina kilo 20, na la dizeli lina takriban kilo 17 bila kuhesabu dumu lenyewe. Madumu manne ya maji na mawili ya dizeli juu ya paa, pamoja na hema, tairi la akiba na chuma cha kubebea, yanapita kilo 200 kwa urahisi. Mzigo huo ukiwa juu, gari huyumba kama ngamia anayeinuka, na kwenye mteremko wa pembeni hupinduka mahali ambapo lingepita salama likiwa tupu. Kitabu cha mtengenezaji kinaeleza paa linastahimili kilo ngapi. Kwa kawaida ni chache kuliko watu wanavyodhani. Vitu vizito vikae chini, katikati ya magurudumu, vimefungwa kwa mikanda. Petroli isibebwe kamwe ndani pamoja na abiria: mvuke wake hutoka hata dumu likionekana limefungwa vizuri.

Kuhusu aina ya gari hatuna la kumshurutisha mtu. Land Cruiser za jamii ya 70, zilizoanza kutolewa mwaka 1984, zinapendwa huku kwa sababu fundi wa mji mdogo anazijua na vipuri vyake havitafutwi mbali. Hata hivyo gari imara lisilohudumiwa ni hatari kuliko gari dhaifu linalotunzwa. Kabla ya safari, mwenye gari alale uvunguni pamoja na fundi wake. Waangalie springi za majani kama kuna jani lililovunjika, mipira ya mikono ya magurudumu, mabomba ya breki, na kama kuna mafuta yanayovuja kwenye difu. Kichujio cha hewa kikung'utwe au kibadilishwe, kwa maana vumbi la hapa ni jingi. Barabara zenye mawimbi hulegeza njugu za magurudumu na vishikizo vya betri. Zikazwe upya kila jioni ya safari. Nyaya za taa za ziada ziwe na fyuzi karibu kabisa na betri, kwani waya ulioachwa usuguliwe na chuma hatimaye huwasha moto, na kizima moto kilicho chini ya mizigo hakimfai mtu.

Jambo dogo, lakini limewaaibisha wengi: magari mengi ya zamani yana vifungio kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele vinavyozungushwa kwa mkono. Dereva anayevuta gia ya nguvu bila kuvifunga anabaki na magurudumu mawili yanayosukuma, huku akiapa kwamba gari ni bovu.

Sasa maji. Hapa ndipo tunapoomba usikivu wa pekee. Mito yetu hupokea mvua ya milimani. Mlima Moroto una urefu wa mita 3,083, na mvua ikinyesha huko, mto ulio mkavu saa nane mchana unaweza kufurika saa tisa ingawa hapo ulipo mbingu ni nyeupe. Wachungaji wanalijua hili tangu utotoni. Dereva wa mjini halijui. Ndiyo maana tunamwambia dereva amwulize mchungaji kabla ya kuteremka, na tunamwomba mchungaji asione haya kumkataza mtu aliyevaa vizuri.

Wengi huamini kwamba lile bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi kwenye paa ni kibali cha kuvuka mto wowote. Sivyo. Bomba hilo huipa injini hewa, na kwa hakika faida yake kubwa kwetu ni kuvuta hewa isiyo na vumbi jingi. Halilifanyi gari kuwa zito zaidi. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 hivi yanaweza kuyachukua magari mengi, hata yale makubwa. Kama mtu mzima hawezi kuvuka kwa miguu akiwa na fimbo yake, gari nalo lisubiri.

Kwa maji yaliyotulia na ambayo kina chake kimepimwa, maandalizi ni haya. Simama kwanza ili difu na ekseli zipoe. Vyuma vyenye joto vikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Difu zina vijibomba vya kupumulia. Fundi avirefushe kwa mpira hadi juu ndani ya boneti. Funika mbele ya gari kwa turubai ili maji yasiigonge feni na kuipinda ikakata rejeta. Ingia taratibu kwa gia ya chini, bila kubadilisha gia katikati. Injini ikizimika majini, usiiwashe tena. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiwa yameingia kwenye silinda, vyuma vinavyoshika pistoni hupinda, na gari lililohitaji kukaushwa tu huwa limeharibika injini nzima. Kesho yake kagua mafuta ya difu. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hayo mafuta yamwagwe siku hiyohiyo.

Lililotusukuma kuandika makala hii, hata hivyo, ni kamba. Msimu mmoja uliopita tuliitwa mahali ambapo gari lilikuwa limezama mchangani. Vijana wa kijiji walichimba vizuri, kisha gari jingine likaja kuvuta. Kamba ilifungwa kwenye mpira wa chuma wa kuvutia trela. Gari lilivuta kwa kurukia, chuma kikakatika, kikaruka na kumvunja paja kijana aliyekuwa amesimama kati ya magari mawili akitoa maelekezo. Alipona, lakini hakuchunga tena mwaka ule.

Mpira huo wa trela haukutengenezwa kwa ajili ya kunasua gari, wala chuma cha mapambo cha mbele. Kamba ifungwe kwenye ndoano au pete zilizoungwa kwenye fremu yenyewe. Tandika blanketi zito au turubai katikati ya kamba, ili ikikatika iangukie chini. Watu wote wakae pembeni, mbali kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa kamba, wala asiwepo mtu katika mstari wake. Anayetoa ishara awe mmoja. Enyi vijana, mkikuta dereva anataka kuvuta huku mmesimama karibu, mna haki ya kuacha majembe na kuondoka. Na malipo ya kazi yapatanwe kabla kamba haijafungwa. Magomvi mengi tunayoletewa kituoni yanatokana na bei iliyotajwa gari likiwa limeshatoka.

Kwa wanaovuka kwenda Kenya, gari liwe na kadi yake halisi, au barua ya mwenye gari kama limeazimwa, pamoja na Kadi ya Njano ya COMESA ambayo ni bima dhidi ya madhara kwa watu wengine. Taa za buluu na ving'ora visifungwe kwenye magari ya binafsi. Katika maeneo ya mpakani huwatia watu hofu na huweza kumletea dereva balaa.

Kabla ya kuacha barabara kuu, pitia kituo cha polisi kilicho karibu na uandikishe njia unayofuata, idadi ya watu, namba ya gari na siku unayotarajia kurudi. Hakuna malipo. Namba 999 na 112 hupigwa bure, lakini kuna mabonde ambako simu haishiki kabisa, na huko daftari letu ndilo litakalotuambia tuanzie wapi kutafuta. Ukirudi salama, pita tena au tuma ujumbe, tufute jina lako.