Jino lililovunjika laweza kuvikwa kofia

Kwetu shuleni kuko tabia mbili: kufungua chupa za limonadi kwa meno, na kukimbia munganga mpaka shavu livimbe. Ya kwanza inavunja jino, ya pili inalimaliza. Na wengi tunafikiri dawa iko moja tu, kung'oa. Hapana. Kama mzizi ungali imara, jino laweza kuvikwa kofia. Waganga wa meno wanaiita kurone, ni kusema taji.

Juu ya nini kofia? Mfupa ukivunjika unaunga, lakini lile ganda gumu la jino haliote tena. Tundu dogo linazibwa tu, basi. Lakini kama sehemu kubwa imeondoka, kuta zinazobaki ni nyembamba, na siku moja mtu anatafuna mahindi ya kuchoma, zinapasuka. Kwa hiyo munganga anachoma sindano ya kuzuia maumivu, anasaga jino pande zote, karibu milimita 1 ao 2, anachukua sura yake kwa kitu laini kama udongo wa mfinyanzi, na fundi anatengeneza kofia ya kulingana nalo. Inagandishwa kwa simenti (si ile ya kujengea nyumba!). Kama moyo wa jino, penye mishipa, umekwisha kuoza, wanausafisha na kuuziba kwanza.

Kofia zingine ni za dhahabu ao metali ingine, zingine za porselene inayofanana na jino. Mmoja wa watu wa kwanza kutengeneza zile za porselene alikuwa Charles Land wa Detroit, Marekani, babu ya yule Lindbergh aliyevuka Atlantika peke yake kwa ndege mwaka 1927.

Kuko vijana wanaotamani dhahabu kwenye jino zima, kwa urembo tu. Sisi hatukubali: jino likisagwa halirudi. Tena uozo unaweza kuingia chini ya kofia, pale inapokutana na ufizi. Mswaki haupumzike.

Shida ni bei. Mzazi wa kijijini akichagua kung'oa, hatumlaumu. Lakini wenye wadogo nyumbani, hesabuni tangu katikati ya mdomo: jino la sita, juu na chini, kushoto na kuume. Linaota karibu na miaka 6 bila kuangusha lingine, basi mama anafikiri ni jino la utoto. Sivyo, njo lile la kukaa mpaka uzee. Mkiona doa jeusi, mtoto apelekwe mbele tundu halijawa kubwa.