Mbele ya kuhamisha deni, tupunguze kwanza deni



Kazi yangu ni mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea. Lakini mara nyingi tukimaliza kutembelea mashamba, mumemba mmoja ananivuta pembeni na kuniuliza: “Agronomu, niko na deni fasi moja, na shamba langu ndilo dhamana. Kuna wengine wanasema watanikopesha kwa riba ndogo, nilipe wale wa kwanza, nibaki na deni kwao. Nihamie?” Swali hili ni la kilimo pia. Mwenye kupoteza shamba, hata umpe mbegu nzuri namna gani, atazipanda wapi?

Jibu langu ni hili: kinachopunguza mzigo ni kulipa deni, si kuhama peke yake. Tuhesabu pamoja, muone.

Maneno matatu ya kujua

Mtaji wa deni ni feza yenyewe yenye ulikopa na haujarudisha bado. Riba, ile yenye wengi tunaita intere, ni bei ya kutumia feza ya mwingine. Dhamana ni kitu chenye mkopeshaji atashika kama haukulipa. Dhamana ya shamba ao nyumba yenye sertifika ya ardhi inaitwa hipoteke. Hiyo inaandikwa kwa Konservatera wa hati za ardhi, na alama yake inabaki juu ya sertifika mpaka yeye mwenyewe aifute.

Mfano wa kuhesabu

Hesabu hizi ni za mfano tu. Chukueni karatasi zenu na mtie namba zenu wenyewe.

Tuseme mumemba amebakiza mtaji wa dola 2.400, wa kulipa kwa miezi 12. Kila mwezi anarudisha dola 200 za mtaji, pamoja na riba ya 3 kwa mia juu ya mtaji wenye kubaki. Mwezi wa kwanza riba ni dola 72, wa pili dola 66, inashuka hivyo mpaka dola 6 kwa mwezi wa mwisho. Jumla ya riba: dola 468.

Mkopeshaji mpya anataka riba ya 2 kwa mia. Inapendeza kusikia. Lakini kuna gharama za kuhama: wa zamani anakata 2 kwa mia juu ya kila feza yenye inalipwa mbele ya wakati, mpya anakata 2 kwa mia ya kufungua dosie, na kufuta hipoteke ya zamani na kuandika mpya, tuseme dola 100. Sasa tuangalie njia ine, zote za miezi 12:

1. Anabaki kwa wa zamani bila kubadilisha kitu: anapoteza dola 468.

2. Anahamisha deni lote la dola 2.400: riba dola 312, adhabu ya kulipa mbele dola 48, dosie dola 48, hipoteke dola 100. Jumla dola 508. Ameenda kwa riba ndogo, na amepoteza zaidi!

3. Anauza mavuno, analipa kwanza dola 900, kisha anahamisha dola 1.500 zenye kubaki: riba dola 195, adhabu dola 48, dosie dola 30, hipoteke dola 100. Jumla dola 373.

4. Analipa dola 900 na anabaki kwa wa zamani: riba dola 292 na nusu, adhabu dola 18. Jumla dola 310 na nusu.

Mmeona? Kwa mfano huu, njia ya ine inashinda zote. Zile dola 900 ndizo zimefanya kazi kubwa.

Basi kuhama hakufai hata siku moja? Hapana. Kama muda wenye kubaki ni mrefu, kuhama kunaweza kufaa. Deni lile lile likibakiza miezi 24, kubaki bila kupunguza ni riba ya dola 900, na kuhama bila kupunguza ni jumla ya dola 796. Ukilipa kwanza dola 900, kubaki kunakuwa dola 580 na nusu, kuhama dola 553. Hapo kuhama kunashinda, lakini angalia vizuri: kupunguza deni ndiko kumeokoa feza nyingi kupita kuhama.

Mtego wa malipo madogo

Mkopeshaji mpya anaweza kusema: “Kwetu utalipa kidogo kila mwezi.” Ni kweli, sababu ameongeza miezi. Yule wa dola 2.400 za miezi 12 akihamia kwa miezi 24, mwezi wa kwanza atalipa dola 148 pahali pa dola 272. Atapumua. Lakini mwishoni atakuwa amepoteza dola 796 pahali pa dola 468. Usiulize tu “kila mwezi ni ngapi?” Uliza “mpaka mwisho nitakuwa nimetoa ngapi?”

Kwa nini kupunguza mbele ya kuhama?

Ukiisha kuhesabu na kuona kuhama kunafaa, punguza deni mbele ya kutia sahihi mpya. Kwanza, dosie inakatwa kwa mia ya mkopo: mkopo mdogo, makato madogo. Pili, mkopeshaji anapima mkopo na bei ya dhamana. Deni likiwa dogo, unaweza kuomba kutoa kipande kimoja cha shamba, ao kudhaminiwa na kikundi chenu, pahali pa kutia shamba lote. Tatu, mwenye ameonyesha kwamba analipa anaongea na nguvu wakati wa kupatana riba.

Lakini usitoe feza yote. Mbele ya kupeleka kitu kwa deni, tenga mbegu za msimu unaofuata, chakula cha nyumba mpaka mavuno mengine, masomo ya watoto na kitu kidogo cha ugonjwa. Mkulima mwenye kulipa deni kwa mbegu zake atarudi kukopa kwa kununua mbegu, na mara nyingi kwa mtu wa riba kali zaidi.

Hatua za kufuata

Moja: omba kwa mkopeshaji wa zamani karatasi yenye kuonyesha mtaji wenye kubaki na adhabu ya kulipa mbele. Yenye muhuri, si maneno ya mdomo.

Mbili: ukilipa feza ya kupunguza, andikisha kwamba inaenda juu ya mtaji, na omba kalendari mpya ya malipo. Bila hiyo, wengine wanaiweka kama malipo ya miezi inayokuja, na riba haishuki.

Tatu: omba kwa mkopeshaji mpya jumla ya gharama zote kwa maandishi. Uliza kama riba inahesabiwa juu ya mtaji wenye kubaki ao juu ya mkopo wa mwanzo mpaka mwisho. 2 kwa mia ya namna ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Uliza pia kama ana ruhusa ya Banki Kuu ya Congo.

Ine: deni lililohamishwa lilipwe moja kwa moja, kutoka kwa mpya mpaka kwa wa zamani. Feza ikipita mkononi mwako, shida za nyumba zitaivuta, na utabaki na madeni mawili juu ya shamba moja.

Tano: pata barua ya kuachilia dhamana, yenye ofisi zinaita menleve, na ufuate mpaka Konservatera afute alama kwenye sertifika. Kama uliweka karatasi ya kununua ao ya chefu tu, hiyo si hipoteke, lakini ikibaki kwenye kabati ya mtu ni hatari ile ile. Irudishwe siku ile unamaliza kulipa.

Sita: bwana na bibi wajue wote wawili na watie sahihi wote wawili. Shamba ni la nyumba.

Neno la mwisho ni juu ya aina ya feza. Wengi tunauza maharage na mahindi kwa franka, lakini deni ni la dola. Franka ikishuka, deni linapanda bila wewe kukopa tena. Ndiyo sababu nyingine ya kupunguza deni siku za mavuno, feza ikiwa bado mkononi.

Kwa mkutano unaokuja, kila mwenye deni alete karatasi zake na kalamu. Tutahesabu njia ine za kila mmoja, na mwenye hajui kusoma atasaidiwa na jirani yake. Dakika 20 za hesabu zinaweza kulinda shamba ambalo baba yako alilima miaka 20.